Komeo la Nje

Wamenipa mlango mmoja wa Ngomeni niukarabati,
wa chumba cha chini, kushoto ukishavuka ua.
Mti wa mbambakofi, mzito kama deni.
Mchwa wamekula miguu, kiuno kingali kizima.
Nikaulaza, nikapangusa vumbi,
nikaona makovu mawili ya komeo:
moja la ndani, limezibwa kwa kipande cha mti, zamani sana;
moja la nje, pana,
chuma kimelilamba mpaka likawa laini.

Ngome hufungwa kwa ndani.
Jela hufungwa kwa nje.

Tuliwaita wenyewe, husema watu wa barazani.
Vita vya Shela vilipokwisha, maiti wakazikwa mchangani,
hofu ikabaki juu ya ardhi, haina wa kuizika.
Tukapeleka barua ng'ambo kwa mfalme:
njoo na askari wako, nasi tupate kulala.
Akaja. Tukalala.
Tulipoamka tulimkuta bado yupo,
anahesabu mapato ya forodha.
Wakaja wengine baadaye, bendera nyingine,
wala hawakuwa na haja ya kubomoa ukuta.
Walihamisha komeo, basi.

Babu yangu Shekuwe alilala humu miezi saba
kwa kodi ya kibanda,
ndani ya kuta alizosimuliwa kuwa ni kinga yake.
Alipenda kusema, *Mgeni ndoo, mwenyeji apone*,
kwa Kiamu chetu, "ndoo" ndiyo "njoo".
Nami niliyefunzwa Kiswahili cha shule
nilisikia ndoo, ile ya kuteka.
Alicheka hadi akakohoa.
Kisha akanyamaza, akasema: hujakosea sana.
Ndoo haiteremki kisimani kukipelekea maji.

Leo redio ya Lali, mwanafunzi wangu,
imesema ndege za mataifa zimeanza kupiga
nchi fulani, ili watu wake wawe huru.
Lali akagonga nyundo mara tatu kwa furaha.
Nikamwonyesha makovu. Nikamhubiria. Napenda kuhubiri.

Mwanashee alikuwa ametuletea chai na mkate wa sinia.
Kwao ni Kismayu. Hukaa Lamu mwaka wa kumi na mbili,
na bado husema "nikirudi".
"Nyinyi mna nafasi ya kubishana," akasema.
"Mimi nilikuwa uvunguni,
kiganja juu ya mdomo wa mwanangu asilie.
Nilimwomba Mungu alete yeyote.
Sikuchagua bendera.
Angekuja shetani na bunduki nzuri
ningempikia wali wa nazi."

"Wakaja?" Lali akauliza.

"Wakaja. Watesi wetu walikimbia usiku mmoja tu.
Nilipiga vigelegele, sikatai, sauti ikanikauka.
Wiki ya pili wakaweka kizuizi njia ya sokoni,
palepale pa wale wa kwanza, gogo lilelile.
Hata ada hawakuibadilisha."
Akamimina chai, akajaza kikombe mpaka kikafurika.
"Lakini mwanangu yu hai.
Na hilo lichonge kwenye mbao zako."

Sikuwa na jibu. Nikanoa patasi ambayo haikuwa butu.

Adhuhuri akapita bwana wa makumbusho:
"Urudishe kama ulivyokuwa."
"Ulivyokuwa lini?"
Akacheka, akaenda kutia saini karatasi.

Miguu mipya nimeiunga, gundi inakauka.
Komeo limo mfukoni mwangu,
linanigonga paja nikitembea.

Mwanashee aliporudi kuchukua birika
alipitisha kidole si kwenye kovu la nje
bali kwenye lile la ndani, lililozibwa.
"Na hili," akasema, "nani aliliziba?"

Nikainama. Sikuwa nimejiuliza.
Kipande kimeingia barabara, hakuna msumari,
nyuzi za mti zimefuatana na nyuzi za mti.
Mkato ule naujua. Nilifunzwa na baba,
naye kafunzwa na babake.
Hakuna mgeni achongaye hivyo.