Mkataba wa Pango

Miaka kumi na minane ofisi yangu ilikuwa benchi
la fundi viatu Sekiete, kona ya Barabara ya Kumi na Mbili,
na kabati la mafaili nilikuwa nalo chini ya mtandio:
nani anahama Makorora, nani kafukuzwa Mabawa,
nani kafiwa na mume, eda haijaisha
na shemeji anapima ukumbi kwa hatua.
Nilikijua chumba cha Duga kinachovuja kwenye kona ya kitanda.
Nilimjua mwenye nyumba anayezima umeme saa tatu
ati taa zinaita kumbikumbi.
Yote niliyajua. Nilichosema ni hiki,
mteja akisukuma baiskeli, mimi mbele na funguo:

    Maji yapo ya bombani, umeme wake wa luku,
    jirani watu wa dini, hawafugi hata kuku.

Kisha akaja kijana wa halmashauri, shati limechomekewa.
"Mama Mwanamkuu, leseni?"
Nikamuuliza kama kuna leseni ya kujua njia.
Sekiete alicheka. Kijana hakucheka.

Basi nikaanza kuwa mtu wa karatasi.
Mashine ya vidole ilikikataa kidole gumba changu,
kimelika kwa kufuli za watu.
Mwenyekiti wa mtaa, ambaye nyumba anayolala nilimtafutia mimi,
alinitazama juu ya miwani: "Na wewe unaishi wapi?"
Jioni, Chumbageni, darasa lililo juu ya duka la vipuri,
nilikaa na vijana wa umri wa mwanangu
tukijifunza rehani, hati, tofauti ya mwenye nyumba na mwenye funguo.
Mwalimu Shemdoe akasema: andikeni,
mteja ana haki ya kuambiwa kasoro.
Niliandika mpaka "kuambiwa".
Kalamu ilikuwa na wino. Mkono ndio uliokauka.

Ukurasa wa mwisho wa fomu: anuani ya ofisi,
ambatisha mkataba wa pango.

Benchi halina mkataba.

Nikampigia Hiza, niliyemfunza kazi akiwa hana hata ndala.
"Kuona chumba elfu kumi, shangazi."
"Hata mimi?"
"Si wewe uliyesema hata mjomba alipe?"
Nikalipa. Tukaenda, yeye mbele na funguo,
na mgongo wake ukaanza kughani
maji yapo ya bombani,
sauti yangu ile ile, hata pale ninapovuta pumzi.
Sikuwahi kuisikia nikiwa nyuma.

Chumba kilikuwa kizuri. Rangi mpya,
lakini mpya mpaka magotini tu.
"Hiza. Masika, maji yanafika wapi?"
Alichezea funguo. Akatazama ukuta, akanitazama mimi.
"Hapo rangi inapoishia."

Nilikichukua. Maji tuliyaandika kifungu cha tatu,
kodi ikashuka elfu ishirini,
na Hiza njia nzima akirudia: elfu ishirini, kwa kusema tu?

Leseni ilitoka nikiwa nimeshaacha kuiulizia.
Nimeitundika juu, mbali na mstari wa rangi.
Sekiete alikuja kuiona, akalisoma jina langu kwa sauti
kama mtu anayehakiki deni,
akauliza benchi amwachie nani.

Mteja wa kwanza: muuguzi wa Bombo, zamu za usiku,
anataka chumba kimoja, pasiwe na kelele mchana.
"Kipo Duga," nikasema, na ulimi, Mungu anisamehe,
ulishafika kwenye umeme wake wa luku.
Nikanyamaza. Nje baiskeli ilipiga kengele, ikapita.

"Kipo Duga. Chumba kizuri.
Ila kitanda usikiweke kwenye kona."