Samadi ya Nyange

Siku tatu tulisubiri ushuzi.
Si utani. Daktari alisema tumbo lililopasuliwa
halipewi hata uji mpaka linene lenyewe,
nasi tukakaa wodini kama watu wanaosikiliza redio ya vita,
mimi, Biira, na mgonjwa wa kitanda cha saba
aliyekuwa na mguu wake mwenyewe wa kuuguza.
Alfajiri ya nne Muhindo akajamba.
Wodi nzima ikapiga makofi.
Mwanangu, miaka sita, akajificha chini ya shuka
akicheka kwa uangalifu, mkono juu ya bandeji,
maana kicheko nacho huvuta uzi.

Tulirudi Kilembe kwa gari la muuza nyanya,
bodaboda imepigwa marufuku,
mwendo wa harusi, kila tuta nikiliomba radhi.

Machi ilikuwa imeingia bila sisi.
Mlima umejifunika,
Nyamwamba inaviringisha mawe yake usiku,
na binti yangu Masika
(kwetu jina hilo ni la kifungua mimba, halina habari na mvua)
anataniwa sokoni na Waswahili: Masika, mbona umechelewa?
Mwaka huu kweli tulichelewa.
Maharage ya jirani yameshika fito,
na kashamba ketu nyuma ya jiko kana magugu ya kufika gotini,
kwa kuwa wiki ya kupanda
tulikuwa tunahesabu matone ya dripu.

Daktari aliandika: asibebe kitu, asiruke, asipande mti.
Hakuandika asiamuru.
Basi anakaa mkekani, mlangoni,
amekumbatia mto tumboni kwa ajili ya kikohozi,
anatusimamia kama mnyapara wa mgodi enzi za shaba:
Baba, mstari umepinda.
Mama, hizo mbegu za dodo umezimwaga, hukuzipanda.
Masika, acha, hilo si gugu, ni mnyanya uliojiotea.
Tukainama kutazama.
Ulikuwa mnyanya.

Usiku, Biira akiisha kusikiliza pumzi zake,
aliniambia ukutani, si usoni:
Ungenisikia Jumamosi ile.
Kweli. Nilisema ni minyoo.
Nilimpa dawa ya minyoo, nikaenda kutazama mpira.
Nilijibu, Ndiyo,
na ile ndiyo ikalala katikati yetu hadi asubuhi.
Asubuhi tukapandikiza vitunguu,
yeye kutoka kusini, mimi kutoka kaskazini,
na tulipokutana katikati ya tuta
akanipangusa tope sikioni kwa kidole chenye tope zaidi.

Samadi nilichota kwenye banda tupu.
Nyange, mbuzi wetu mweupe, tulimwuza
usiku uleule, kwa mtu wa Hima;
mwenye mgonjwa hajui kupatana bei.
Akawa glavu, akawa uzi, akawa chupa za maji ya chumvi.
Mtoto tulimwambia yuko kwa shangazi, malishoni.
Nilipomimina toroli la kwanza
akanyanyua pua.
Hii ni ya Nyange, alisema.
Hakuongeza. Nasi hatukuongeza.
Gurudumu lilipiga kelele, halina mafuta,
nikalishukuru.

Uzi ulitolewa siku ya kumi.
Dodo ilikuwa imechomoza, myekundu kwa mguu,
imejaa pale ilipomwagwa,
haipo kabisa pale nilipoipanda kwa kamba na vigingi.

Wiki ya tano tuliila na bundu.
Muhindo alikula kama aliyekopwa,
sahani ya pili, kisha akasimamisha kijiko:
Nyange alipenda dodo?
Biira alinitazama.
Alikuwa anaiba, nikasema. Kila siku. Aliruka ua.
Akatafuna, akifikiri,
akafunua shati akakihesabu kile kiunzi cha ngazi tumboni,
vidato kumi na kimoja.
Basi amelipa, alisema.
Kisha akaomba chumvi.