Fundo

Lund, mwezi wa pili. Theluji imelalia paa la duara
ambamo elektroni hukimbia usiku kucha
bila kufika popote.
Ndani tupo wawili, Ingegärd na mimi,
na nguzo ya aloi niliyoichonga wiki tatu,
nyembamba hivi kwamba unywele juu yake
ungekuwa gogo lililoangukia bua.

Eksirei inapita. Tunageuza sampuli digrii moja, moja,
na kompyuta inaturudishia kilichojificha:
mishale midogo, maelfu kwa maelfu,
kila mmoja ukitazama karibu kule anakotazama jirani,
si hasa, karibu,
hadi safu nzima inajipinda, inajizungusha,
inajimeza mkia, pete ndani ya pete.
Fundo.

Ulivute upendavyo, halinyooki.
Tunapitisha umeme: linasogea.
Tunaongeza: linasogea mshazari,
kama mlevi asukumwaye mbele akaenda kushoto,
na bado ni fundo.
Wanaotupa fedha wanasema siku moja fundo kama hili
litatunza kumbukumbu kwa umeme kiduchu,
bila gurudumu hata moja kuzunguka.
Ingegärd alicheka.
"Mimi ninalo tayari. Lina miaka kumi na moja
na halili umeme."

Alimaanisha kaka yake, Styrbjörn,
na nyumba ya mama yao kule Ystad, iliyouzwa
piano ikiwa bado ndani.

Saa kumi kasoro dakika sita, tukipasha joto tu,
ilitokea nukta.
Mishale kuizunguka imeelekea pande zote,
na katikati hakuna mshale. Hakuna upande.
Sumaku imejisahau
mahali pasipotosha atomi kumi.
Kupitia tundu hilo fundo likaanza kufumuka,
si kwa kuvutwa, si kwa kukatwa,
kama sweta, ncha ya uzi ikishapatikana,
na skrini ikabaki na mishale iliyonyooka,
mitulivu, isiyokumbuka kitu.

Nilitaka kushangilia. Yeye aliandika daftarini:
*Limefunguka. Chanzo: joto? Tazama tena.*
Kisha akavua glovu, akatoa simu,
akaitazama hadi kioo chake kikazima,
akailaza kifudifudi kando ya kahawa iliyopoa.
"Lete sampuli nyingine," akasema.
"Hii haina tena la kutuambia."