Uma Usiotoa Pole

Baiskeli yangu ilitoka Japani ndani ya kontena,
imelaliwa na majokofu mabovu na viti vya shule,
magurudumu inchi ishirini, kengele yenye picha ya sungura.
Niliinunua Kabwe siku ya mshahara, bila kuuliza mengi.
Msoma mita za maji hahitaji farasi.
Anahitaji kitu cha kutupa begani
kule Itiji, njia inapogeuka ngazi
na ngazi ikageuka mtaro.

Mbele ilikuwa na shokapu.
Watoto wa Mabatini waliibonyeza kama godoro la dukani,
nami, nisiseme uongo, nilisimama pembeni nikajivuna.

Lakini mlima hauangalii urembo.
Nikipanda kuelekea Loleza,
kila nilipokanyaga pedali
shokapu ilinywea kwanza, ikachukua chake,
kisha ndipo gurudumu likapata makombo.
Nusu ya ugali wangu wa asubuhi
niliilisha springi.
Na maneno yake! Kila shimo: pole.
Kila jiwe: pole.
Hata pasipo na shimo, pole, pole,
kama jirani aliyechelewa msibani,
hajui aanzie wapi, akaanza tu.

Masika ilipofika, mguu wa kushoto ukazama
haukuinuka tena.
Wa kulia ukabaki unaitikia peke yake.

Fundi Ambokile aliilaza chali,
akalishika gurudumu la mbele, akalitikisa mara moja
kama anayemsalimia mtu anayemdai.
"Huyu," akasema, "ni mgonjwa aliyebebwa na mgonjwa."

Alipong'oa, ule mguu ukamwaga
maji ya rangi ya chai,
springi iliyokatika vipande viwili,
na buibui aliyekuwa amehamia, bila kodi.

Akaingiza mkono kwenye gunia mpaka begani.
Akatoa uma mkavu, chuma kitupu,
wa baiskeli ya mtoto ambaye sasa ni mtu mzima mahali fulani.
Rangi ya kijani imebaki makwapani tu.
Akaupima kwa shubiri: umepungua vidole vitatu.
"Pua itainama kidogo.
Utaona karibu zaidi unakokwenda."

Kikombe cha gololi alikibandua kwa msumari na nyundo,
gonga huku, gonga kule, bila haraka.
Shingo ikazidi; akaleta msumeno.
Grisi aliipaka kwa kidole kimoja, kama mama anayeonja mchuzi.
Gololi moja ilidondoka
ikakimbilia kwa muuza parachichi,
na wote tukainama, mimi, fundi, muuzaji, mteja wake,
mpaka ikaonekana chini ya debe, imetulia.

"Hii ya zamani unaondoka nayo?"
"Iache."
Kijana wake akaibonyeza. Haikurudi.

Kesho yake baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati.
Shimo la kwanza likanichapa viganja
kama mwalimu wa hesabu.
La pili nikalikwepa.
Kengele ya sungura sasa inalia yenyewe kwenye changarawe,
mbwa wa Itiji wananibwekea kabla sijatokeza.
Nikajua lami ilipowekwa kiraka,
nikajua bomba linapopita chini ya njia,
tuta jembamba, pana kama mkanda,
ambalo miaka minne
nilikuwa naambiwa pole badala ya kuambiwa kuna bomba.
Na mlimani, jamani,
ninachokanyaga kinafika chote.

Sitadanganya. Jioni vifundo vya mikono vinawaka,
kalamu inanitetemekea nikijaza daftari,
saba yangu inafanana na moja,
na kuna mama wa Mabatini atakayenipigia kelele kwa hilo.

Sekela huchemsha maji ya chumvi.
Huukanda mkono wangu, kidole kwa kidole,
macho yake yako kwenye sufuria ya maharage.
Hasemi pole.
Anasema, "Lete na huo mwingine."