Ukurasa wa Kumi na Saba

Ukurasa wa kumi na saba wanauliza
kama nina mashua.
Naandika: sina.
Farasi wa mbio, sarafu za kale, michoro ya thamani?
Nina picha ya Ante amevaa kofia ya kiwandani,
nyusi zimeungua, anacheka.
Naandika: sina.

Port Kembla kunanyesha, mvua ya Julai,
na moshi wa tanuri la chuma unapanda
kama zamani, ila umekonda.
Miaka thelathini na mmoja Ante alilitumikia tanuri lile,
nami nikifagia madarasa ya watoto wa wenzangu.
Jumatatu kabichi,
Jumanne supu ya ile kabichi.
Haba na haba, kibaba kikajaa.
Leo kibaba chenyewe ndicho shahidi wa serikali.

Akiba haiozi, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba hukaguliwa.

Jirani yangu Lorraine fomu yake aliimaliza
kwa kikombe kimoja cha chai.
Bali amekwenda mara tisa, gari lake jekundu,
mshahara wake haukuwahi kulala benki.
Yeye pensheni atapewa yote.
Mimi, kwa hesabu yao, nusu na senti kadhaa.
Nilimchukia wiki nzima,
hata nikaacha kumrudishia bakuli lake.
Kisha nikamkumbuka mwanawe, Craig, na figo zake,
safari za Sydney mara tatu kwa wiki,
na kwamba ile Bali ya mwisho alikwenda peke yake
apate kulia mahali asipojulikana.
Hilo halina ukurasa.

"Basi tupeni wote sawasawa," nilimwambia karani,
kijana Tuan, kalamu sikioni.
"Taa ya barabarani haimpekui mtu mfuko
ndipo immulike."
"Hata daktari wa meno wa kule kilimani?" akauliza.
"Mwenye nyumba tatu?"

Yule aliyening'oa gego akanitoza dola mia nne!
Nilitaka kusema ndiyo, hata yeye,
kwa maana akipewa yeye hakuna atakayeniuliza mimi,
na kodi ingeweza kumfuata kimyakimya huko huko kilimani.
Lakini ulimi ulienda penye pengo la jino
ukakaa hapo.
Tuan akasubiri. Ana adabu, mtoto yule.
Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Sasa ni usiku, limebaki swali moja:
vyombo vya nyumbani, vikiuzwa leo, vingeleta kiasi gani?
Kochi, hamsini. Friji, ishirini.
Kodiani ya Ante.
"Andika bei ya mnadani," Tuan alinionya,
"siyo bei ya moyoni. Ukizidisha, unajipunja."
Naivuta kidogo. Kitufe kimoja hakilii tena,
kinapumua tu.

Naandika: kumi.
Nafuta.
Naandika: mia moja na sabini,
Ante asije akaona haya.