Zamu ya Saa Nane

Bandari ya Sur, siku ya ishirini na tatu.
Afisa anahesabu pasipoti nne,
anatutazama, anahesabu tena.
Nasra, miaka sita, kagusa gati
akakumbatia nguzo: "Mama, nchi inayumba!"
Limau la mwisho, kavu kama jiwe la kusugulia miguu,
Haitham kampa paka wa forodhani.
Paka kalinusa, kaenda zake.

Usiku hakuna wa kuamshwa.
Saa nane, macho haya hapa.
Navaa koti la mvua, mvua ya wapi,
napanda ngazi, mkono umetangulia
kuutafuta usukani.
Mbarouk yupo, amekaa wima,
chombo kimefungwa kamba tatu.

"Upepo?"
"Hakuna."
"Meli?"
"Hakuna."
"Haya, kalale. Nimeshapokea."