Mchele wa Kyela

Simu ni yangu, kioo kimepasuka pembeni,
na bando ni la kukopa.
Mtandao unapatikana dirisha la tatu tu,
lile lisilo na kioo, linalotazama migomba ya mkuu wa shule,
kwa hiyo Kidato cha Kwanza B, wote arobaini na sita,
wamehamia upande mmoja wa darasa
kama viazi vilivyoegemea ubavu wa fuso kwenye kona.

Huku Tukuyu mvua haina adabu ya msimu.
Inapiga bati, nami napandisha sauti,
na ndani ya simu kuna bibi mmoja mtulivu
ambaye hajawahi kunyeshewa.
Anasema neno. Tunalirudia.
Tukipatia inachomoza alama ya kijani na mlio, ti!
kama tone kwenye sufuria tupu.
Tukikosea anatuchorea tulichokisema.

Hapo ndipo alipokwama Ambakisye,
mtoto wa Kyela aliyepandishwa huku kwa shangazi apate shule.
Baba yake analima mpunga ule
ambao ukiinjika tu chungu
jirani anakumbuka kwamba chumvi imemwishia.
Swali lilikuwa: baba yako analima nini?
Akasimama, kifua mbele, akajibu kwa Kiingereza.
Simu ikafikiri.
Ikaleta chawa.

Chawa mnene, miguu sita, kachorwa kwa upendo.
Akarudia. Chawa.
Akarudia polepole, kama anayevuka mto juu ya gogo.
Chawa.
Mara ya tisa kuna mtu nyuma alianza kujikuna,
na kicheko kikapita dawati kwa dawati,
na Ambakisye akaketi
na hakusimama tena kwa wiki mbili.

Ni herufi moja tu.
Kwao ulimi haukugawiwa ile, na hakuna aliyeiulizia.
Baba yake husema balabala
na barabara humfikisha.

Mimi ni wa Kalenga. Miaka kumi na moja nafundisha lugha hii,
nina cheti, nina muhuri.
Usiku ule nilikomea mlango,
nikaingia na simu chini ya blanketi
nikalisema neno.
Chawa.
Nikakohoa. Nikalisema tena kwa sauti ya siku ya ukaguzi.
Chawa.
Nililala najikuna.

Jumatatu nikaenda dirisha la tatu,
nikawaambia nyamazeni,
nikamjibu yule bibi mbele yao wote:
kila Krismasi mama yangu hupika nini.
Nikaigeuza simu, waone.

Kimya. Hata bati lilinyamaza kidogo.
Aliyecheka wa kwanza ni yeye.
Halafu akasimama.
«Mwalimu, ulimi usiguse juu.
Uwe kama mtu anayepita karibu na ukuta wenye rangi mbichi.»
Umejuaje?
«Nilikuwa nafanya mazoezi zizini. Ng'ombe hawachori.»

Akaja dirishani. Akaishika simu kwa mikono miwili,
akauvuta ulimi nyuma, akalisema.
Mimi nililisikia. Naapa nililisikia.
Simu ikafikiri.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
arobaini na sita tumebana pumzi tukingoja ti,
kikazunguka,
bando likaisha.

Basi hatutajua.
Yule bibi kaondoka na jibu letu kwenye nchi yake kavu.
Ambakisye alibaki analirudia kuelekea migombani,
mara nne, mara tano, si kwa mtu,
na mvua ikawa inaingia kidogo dirishani
ikimlowesha kola.

Nadaiwa elfu mbili dukani kwa Anyitike, pale pa vocha.
Na jana jioni shangazi mtu amekuja,
ugonile, ugonile, hakutaka kukaa,
ameacha kilo tatu zimefungwa kwenye kitenge.
Nimezichambua mwenyewe kwenye ungo, karibu na taa.
Mawe mawili.
Chawa hakuna.